Krismasi ya Omena

Jumatatu, 13 Desemba 1971

Nabututu, mke wangu, ameniita "Bwana Wepukhulu" mara tatu leo. Asubuhi, nikitafuta soksi. Mchana, nikirudi kula. Jioni, nikiomba chumvi. Kwa miaka saba nimekuwa Baba Elsie. Bwana Wepukhulu ni mtu wa kuandikiwa barua na kaunsili. Baba Elsie ni mtu wa kuwekewa kipande kikubwa cha nyama. Tofauti naijua sana.

Chanzo ni mizinga. Nauli ya kutupeleka nyumbani Kimilili kwa Krismasi niliinunulia mizinga mitatu ya nyuki. Mpango wenyewe ulikuwa safi: Oktoba mizinga, Novemba asali, Desemba tunapanda basi nimevaa tai mpya. Nyuki hawakuja. Yaani hakuna! Mmoja alipita, akachungulia, akaenda zake. Sasa mizinga imejaa chini ya kitanda, na Krismasi tutaila hapa hapa Kaloleni, Kisumu, chumba kimoja cha kaunsili. Elsie analia tangu jana, siku ya Jamhuri, kwa sababu hatamwona nyanya yake, Mama Maximilla.

Mimi mwenyewe siwezi kusema namjua mama mkwe wangu. Kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawaonani uso kwa uso mpaka ile zawadi ya kuondoa haya itolewe. Mimi naiahirisha mwaka wa nane huu. Akija njia hii, nashika ile. Namjua kwa visigino tu.

Lakini nimepata dawa! Kama sisi hatuwezi kuifuata Krismasi, Krismasi itatufuata. Nitapamba chumba hiki kwa mikono yangu, kwa vitu vya bure au karibu na bure, mpaka Elsie asahau Kimilili iko upande gani. Nikifaulu, nitakuwa Baba Elsie tena kabla ya tarehe ishirini na tano. Nisipofaulu, nitazeeka nikiwa Bwana Wepukhulu.

Jirani yangu Waliaula, mtunza stoo wa bandarini, ukuta wake na wangu ni mmoja. Amenunua boksi zima la mipira ya vioo ya kuning'iniza. Amelipitisha mbele ya mlango wangu mara mbili. Na njia ya kwake haipiti hapa!

Jumanne, 14 Desemba

Mimi ni karani wa Bwana Sukhdev, mwenye karakana ya samani. Leo nimemwomba maranda, yale maganda membamba ya mbao yanayotoka kwenye randa yakiwa yamejikunja. Kila jioni huchomwa. Akaniuliza ya nini. Nikamwambia ya Krismasi. Akavua miwani, akaipangusa, akasema miaka ishirini na miwili amekuwa akiyachoma, kumbe alikuwa akichoma sikukuu ya watu. Akanipa magunia mawili. Muungwana kabisa.

Jioni nikayatia rangi. Gunia moja kwa bluu ya kufulia, la pili kwa wino mwekundu wa ofisi. Lo! Yakapendeza! Elsie akaacha kulia, akayavaa masikioni. Nikayaanika juu ya kamba ya nguo, nikaingia ndani kujipongeza kwa chai.

Mvua ya ziwani haina adabu. Ilishuka bila hata ngurumo moja, wino ukashuka nayo, na chini ya maranda mekundu kulikuwa na kitambaa cheupe cha Nabututu cha kichwani, cha akina mama wa parokia. Sasa ni cha waridi. Nilimwambia rangi hiyo inamfaa. Akakikunja mara nne, akakiweka sandukuni, akasema asante sana, Bwana Wepukhulu.

Alhamisi, 16 Desemba

Leo minyororo ya karatasi. Karatasi za sukari, magazeti, na kalenda nzima ya mwaka jana. Gundi ni uji mzito wa muhogo, umepikwa na mimi mwenyewe kwa sababu Nabututu alisema hana habari na mambo hayo. Pete moja ndani ya nyingine, mpaka nikapata mnyororo wa hatua thelathini na mbili. Niliupima kwa miguu. Nikautandaza nje ukauke.

Jogoo wa Waliaula alianza upande wa Januari. Akaenda nao pete kwa pete kama mama anayesali rozari. Nilipotoka alikuwa amefika Septemba, na wala hakukimbia! Alinitazama kama mimi ndiye niliyekuja kumsumbua mezani.

Nikaenda kwa Waliaula na yale mabaki ya Oktoba hadi Desemba. Nikamwonyesha. Akasema jogoo wake hula mahindi tu, tena mahindi mazuri, na kama uji wangu utamletea tumbo basi nijiandae kumtafutia daktari wa mifugo. Kisha akanikaribisha ndani nione mipira yake ya vioo. Niliingia nikiwa na nia ya kudharau.

Inang'aa. Nimekasirika, lakini kweli inang'aa. Mimi nina maranda, ambayo hayang'ai. Nahitaji kitu cha kung'aa.

Jumamosi, 18 Desemba

Nimepata! Vitu viwili kwa siku moja!

Kwanza, mti. Miti ya Krismasi ya kweli inaletwa kutoka milimani na inauzwa kwa wenye magari. Nikapanda baiskeli mpaka ufukweni Dunga. Pale mafunjo yameota bure, marefu kunizidi, kila moja na kichwa cha manyoya ya kijani kama mtu aliyeamka sasa hivi. Nikakata thelathini. Nikayafunga kwenye baiskeli, nikawa sionekani mbele wala nyuma.

Pili, na hapa ndipo mungu wa watu maskini aliponikumbuka, omena, wale dagaa wadogo wa ziwani! Walikuwa wameanikwa juu ya nyavu kuukuu, elfu kwa elfu, jua limewapiga, wote fedha tupu. Nilisimama na baiskeli yangu nikaona mnyororo. Samaki kwa samaki kwenye uzi, kutoka juu ya mti mpaka chini. Waliaula ana mipira kumi na miwili. Mimi nitakuwa na fedha mia tatu!

Mwenye omena ni mama mmoja, Anyango. Nikamwomba mikebe miwili. Akaniuliza nakaanga au nachemsha. Nikamwambia natunga kwenye uzi. "Yawa!" Akapiga makofi, akawaita wenzake waje wanione. Akaniuliza kama nyumbani nina mke. Nikasema ninaye. Akasema nimpelekee salamu zake za pole. Lakini akaniongeza mkebe wa tatu bure, kwa kuwa tangu azaliwe hajauza omena wa kuvaliwa.

Mti umesimama kwenye debe la mchanga. Unagusa dari. Chura alitoka ndani yake tukiwa mezani, lakini ni mdogo na nimeshamtoa nje.

Jumapili, 19 Desemba

Tangu tutoke kanisani natunga omena. Sindano imenichoma mara kumi na nne. Nabututu akauliza kama hawa ndio mboga ya jioni. Nikamweleza. Akasema wenzake wameolewa na wanaume wanaoleta mboga, yeye ameolewa na anayeitundika. Fundi hajibizani akiwa kazini.

Elsie akauliza kama nyanya yake atauona mti. Nikamwambia Kimilili ni mbali, nyanya ana mashamba yake, labda mwaka kesho. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia. Alichukua daftari lake la shule na penseli, akaenda kukaa kizingitini akiandika, ulimi nje. Sikumuuliza anaandika nini. Nilihisi vibaya moyoni, nikaendelea kutunga.

Saa kumi jua liliingia dirishani, likaupata mti. Mama yangu! Chumba kizima kilimetameta. Maranda ya bluu na mekundu, mafunjo ya kijani, na omena wakishuka kama mvua ya fedha. Elsie alipiga makofi mpaka mikono ikawa myekundu. Na Nabututu, mwiko mkononi, alisimama akatazama hadi maharagwe yakaanza kuungua. Naandika hapa ili nisije nikaambiwa niliota: alitaka kutabasamu. Alijizuia, lakini alitaka.

Jumanne, 21 Desemba

Bethlehemu imekamilika.

Ukuta wetu wa nyuma ulikuwa umebaki mtupu, na katikati yake ni mlango wa kwenda jikoni na bombani. Mlango ni mbaya, rangi imebambuka. Nikaona hapa ndipo mahali pa Bethlehemu. Nikachukua lile pazia la bluu linalotenga kitanda na meza, nikalitandaza juu ya mlango liwe anga la usiku. Nyota ni karatasi za fedha za ndani ya pakiti za sigara. Pango ni karatasi za mifuko ya saruji, zimekunjwa na kutiwa majivu. Ili anga lisilegee nilipiga misumari pande zote, kumi na sita, ya inchi mbili. Imeingia mpaka kwenye fremu.

Nabututu alirudi na ndoo ya maji akakuta mlango haufunguki. Alizunguka nyumba nzima. Akauliza jikoni ataenda kwa njia gani. Nikamwambia kwa siku nne tu tutapita mbele, ni mazoezi mazuri. Akauliza na kitanda, kitakaa wazi hivyo mbele za watu, na mizinga imetokeza chini yake? Nikamwambia wageni watatazama Bethlehemu, nani atatazama kitanda.

Aliweka ndoo chini polepole. Akasema ni sawa, Bwana Wepukhulu. Ile polepole yake sikuipenda.

Jumatano, 22 Desemba

Paka.

Jana usiku alikuwa mmoja, nikamfukuza kwa kiatu. Leo asubuhi ni wanne. Kufikia saa sita ni tisa, wamepanga foleni mlangoni kama watu wa hospitali. Mmoja ni wa Waliaula. Naye mwenyewe alitoka, akakunja mikono, akaniuliza kama nimefungua shule ya chekechea. Akaongeza kwamba harufu ya Krismasi yangu imefika stoo ya bandarini. Nikamwambia mipira yake haina harufu kwa sababu haina maisha. Nadhani lilikuwa jibu zuri. Jentrix, mkewe, alicheka, lakini sikuona vizuri alikuwa akimcheka nani.

Nilinunua pilipili ya unga. Nikainyunyizia mti mzima, juu mpaka chini, omena mmoja mmoja. Paka wakaingia, wakanusa, wakapiga chafya, wakatoka. Ushindi! Mimi pia nimepiga chafya mara ishirini na macho yananitoka machozi, lakini hiyo ni gharama ndogo.

Alhamisi, 23 Desemba

Siku mbaya. Waliaula ametundika mipira yake leo, akafungua mlango na dirisha. Mtaa mzima ukamiminika. Kwangu walikuja wawili, na mmoja alikuwa akitafuta paka wake.

Nikakaa kitandani nikitazama mti. Ghafla nikauona kama watu wanavyouona. Nyasi za ziwani kwenye debe. Takataka za karakana. Mboga ya watu, imetiwa pilipili. Nikafikiria kuubomoa wote na kuwapelekea paka, angalau wao wafurahi.

Hapo nikasikia sauti nje. Elsie alikuwa amewaleta wenzake sita kutoka kwa Waliaula, amewapanga mstari, anawaambia waingie wawili wawili na wasiguse. Wakaingia. Mmoja akasema kwa Waliaula ndiko kunakong'aa zaidi. Elsie akamwambia ile ya Waliaula ni ya dukani, hata wewe mwenye duka akikupa utakuwa nayo. Hii baba yangu ameitengeneza. Hakuna duka lenye hii.

Mti nimeuacha. Nimeenda kunawa uso. Pilipili hii ni kali sana.

Ijumaa, 24 Desemba

Sijui nianzie wapi.

Bwana Sukhdev alituachia mapema, nikarudi saa nane. Nikapanda kiti kurekebisha nyota ya juu. Nabututu alikuwa akichambua mchele, Elsie amesimama kizingitini. Nje nikasikia hodi. Sauti ya mama mzito, aliyechoka na safari. Nabututu akaruka juu, mchele ukamwagika. "Mama!"

Mama mkwe wangu! Kutoka Kimilili! Mlangoni mwangu, na mimi niko juu ya kiti!

Nikashuka sijui kwa mguu gani. Nikakimbilia mlango wa nyuma. Nikavuta. Misumari kumi na sita. Nikavuta tena, nyota nne zikaanguka, anga halikutikisika. Nikageukia kitanda nijifiche nyuma ya pazia. Pazia liko Bethlehemu. Nikapiga magoti niingie chini ya kitanda. Mizinga! Na visigino vyake tayari vilikuwa vimevuka kizingiti. Nikajitupa nyuma ya mti, nikakumbatia mafunjo, nikafumba macho.

Akakaa kwenye kiti karibu na mlango. Nilisikia kiti kikilia. Akapumua. Akauliza baba wa nyumba yuko wapi. Nabututu akasema ametoka kidogo. Namshukuru kwa hilo mpaka kufa. Elsie akamrukia nyanya yake, akamwambia alijua atakuja. Kumbe ile barua ya Jumapili! Alimpa Jentrix, Jentrix akampa kondakta wa basi la Kimilili. Mama Maximilla akaitoa kifuani akaisoma kwa sauti. "Nyanya, Baba anatengeneza Krismasi ya samaki. Njoo uione kabla Mama hajaipika."

Akasema basi na aione. Akautazama mti muda mrefu. Mimi sikupumua. Halafu akaanza kuzungumza, na alizungumza akiuelekea mti, kama watu wanavyomwambia mtoto jambo ili mkubwa asikie.

Alisema Nabututu alipoolewa, wajomba walinung'unika kwamba kijana huyu kichwa chake hakitulii. Yeye pia alinung'unika. Alisema ameambiwa habari za mizinga na alikuja amebeba maneno makali, amekaa nayo kwapani tangu Kimilili. Akasema marehemu mumewe alikuwa mtu wa heshima, aliwanunulia watoto viatu, sare, kila kitu. Lakini hakuwahi hata siku moja kukaa chini akawatengenezea kitu kwa mikono yake. Akasema hajui maneno yale makali ameyaweka wapi, labda yameanguka njiani.

Nililia. Naandika ukweli. Nililia nyuma ya mafunjo, na machozi yakaingia puani, na pua ilikuwa imekaa juu ya omena watano wenye pilipili.

Nilijizuia. Mungu ni shahidi, nilijizuia! Nilibana pua kwa vidole, na vidole navyo vilikuwa na pilipili. Chafya ilitoka kama bomba limepasuka. Debe likayumba. Paka wa Waliaula, ambaye kumbe alikuwa ndani muda wote chini ya meza, akaruka juu ya mti, na mti, na paka, na mimi, tukaanguka mbele ya miguu ya mama mkwe.

Nikainua kichwa. Naye alikuwa ameinama kuona kama nimeumia. Tukaonana. Uso kwa uso, baada ya miaka minane!

Ana macho ya Elsie. Sikujua. Yale yale kabisa, na pembeni yamejikunja kwa kicheko.

Kisha tukakumbuka adabu. Yeye akajifunika kanga usoni, mimi nikajifunika na nyota. Nabututu akapiga kelele, Waliaula akaingia mbio akidhani ni mwizi. Alipoelewa, hakucheka. Naandika hili kwa haki yake. Yeye pia ni wa kwetu, tena amenizidi umri. Akasema kwa sauti ya mzee kwamba ile haya imeshavunjika, haiunganiki, na zawadi ya kuiondoa lazima itolewe leo kabla jua halijazama, la sivyo itakuwa aibu kwa watu wote wa kwetu walioko Kisumu. Akaniuliza nina nini.

Nikatazama chumba. Maranda. Chura amerudi. Sikuwa na kitu. Niliona haya kuliko siku zote za maisha yangu. Mke wangu alikuwa amesimama pale akinisubiri mbele ya mama yake, na mimi mikono mitupu.

Nyuma ya kanga Mama Maximilla akasema kwamba haulizi, anasema tu, lakini kama yale aliyoyaona chini ya kitanda ni mizinga, basi kwake nyuki wanalala kwenye paa la ghala mwaka wa tatu sasa. Wanauma mbuzi. Na mizinga hakuna.

Sikumbuki nilivyoitoa. Waliaula alivuta upande wake, mimi wangu. Mizinga mitatu, mipya, haijaguswa na nyuki hata mmoja! Nikaiweka mbele yake, nikasema maneno yanayosemwa. Yeye akateremsha kanga, akanipa mkono. Una nguvu ule mkono.

Jumamosi, 25 Desemba

Krismasi!

Usiku Mama Maximilla alilala kwa Waliaula, maana mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake, hilo haliondolewi na mizinga. Asubuhi Jentrix akasema mgeni wao alitazama ile mipira ya vioo, akasema ni mizuri, akageukia ukuta akalala. Nimemwomba Jentrix arudie mara mbili. Alirudia.

Kanisani Nabututu alivaa kitambaa cha waridi! Cha parokia! Kati ya vyeupe vyote alikuwa yeye peke yake. Akina mama wawili walimuuliza kimetoka duka gani. Akasema hakuna duka lenye hicho.

Tulisimamisha mti upya, umeinama kidogo upande wa dirisha. Mchana tulikula pamoja, meza moja, mimi na mama mkwe na nyumba nzima ya Waliaula. Waliaula alimchinja yule jogoo. Alisema ameona ni haki, kwa kuwa nusu ya nyama yake ni kalenda yangu. Alikuwa mgumu lakini tulimla wote.

Nikapata ujasiri, nikamwuliza Mama Maximilla kama jana alikuwa anajua niko wapi. Akasema viatu vilikuwa vinaonekana chini ya mafunjo. Akasema miaka minane nikimpisha njiani ananijua kwa viatu, angevikosa vipi. Kicheko kikapiga meza nzima, mimi pia nikacheka.

Na sasa lenyewe. Saa tisa na nusu, mbele ya watu wote, Nabututu alichukua kipande kikubwa cha paja, akakiweka kwenye sahani yangu. "Kula, Baba Elsie."

Nilishindwa kula kwa muda. Wakadhani ni pilipili.

Jumatatu, 27 Desemba

Mama Maximilla ameondoka na basi la asubuhi, mizinga mitatu juu ya paa na mikufu yote ya omena kwenye kikapu. Amesema pilipili imewakausha vizuri, atawala mpaka Februari. Tumealikwa kwake kula asali. Elsie hajalia. Baba Elsie nimeitwa mara kumi na moja tangu juzi, kuna alama za penseli ukutani.

Nimekaa leo nikatafakari yote kwa utulivu. Mambo yafuatayo sasa ni wazi. Mpango wa mizinga ulikuwa sahihi tangu mwanzo, watu hawakuwa na subira tu. Wino ulikuwa sahihi. Pilipili ilikuwa sahihi. Na kama Bethlehemu isingekuwa pale mlangoni, ningetoka nje, na mimi na mama mkwe tungekuwa tunakimbiana mpaka leo. Kwa hiyo, mlango ulikuwa sahihi kuliko vyote.

Mama mkwe amesema huenda akaja Pasaka. Pasaka! Miezi mitatu tu! Nimeshamwona Bwana Sukhdev, atanipa mapipa mawili ya vumbi la mbao. Ninatengeneza kaburi tupu, lenye jiwe la kuviringika, kubwa kiasi cha mtu kuingia. Ukuta wa nyuma ndio unaofaa. Bethlehemu nimeiondoa, na tangu saa nne nimeanza kutundika magunia yatakayokuwa mlima wa kaburi. Misumari ile ilikuwa midogo, hilo ndilo kosa nililoliona. Safari hii nimetumia ya inchi nne, ishirini na nne.

Nabututu yuko nje na beseni la nguo mbichi. Anagonga mlango wa nyuma. Anaita, "Baba Elsie!" Sauti tamu kabisa. "Baba Elsie, huu mlango una nini?" Naandika kwanza, nitajibu nikimaliza mstari. Anasukuma. Anasukuma tena.

Nasikia beseni likiwekwa chini, polepole.

"Bwana Wepukhulu."